Duka Lisilotutosha Wawili

Kwa miaka minne niliuza katika duka la baba mkwe wangu bila kumtazama usoni. Nilimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro na kwa viatu vyake vya ngozi, ambavyo cha kushoto kilikuwa na kiraka. Watu wa pwani nikiwasimulia hucheka, wakidhani natania. Kwetu Usukumani mkamwana, mke wa mwana, na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono, na mkamwana hathubutu kulitaja jina la mkwewe hata kama ni jina la mti uliojaa kijiji kizima. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nilifunzwa heshima na mama asiyekuwa na mzaha hata kidogo.

Mzee alikuwa na maduka matatu. Kwa Mwafrika wa siku zile, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, hilo lilikuwa jambo la kutajwa hata kwenye pombe ya watu wengine. La kwanza lilikuwa Shinyanga mjini, karibu na soko, akiuza mwenyewe. La pili lilikuwa Isaka, ng'ambo ya stesheni, mikononi mwa shemeji yangu mkubwa. La tatu, dogo kuliko yote, lilikuwa Mwakitolyo, kando ya njia waliyopita wanaume wakienda Geita kutafuta kazi kwenye migodi ya dhahabu. Hilo ndilo tulilopewa mimi na mume wangu. Lilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili: mbele duka, nyuma tukilala sisi, mlango mmoja katikati na mwingine wa kutokea uani.

Mzee alikuja kila mwezi kwa lori la pamba. Nikisikia kikohozi nilitoka mbio uani. Akitaka kuniambia neno alimwambia mume wangu kwa sauti ya kufika nyuma: mwambie mkeo chumvi inamwagika. Nami nilimjibu mume wangu kwa sauti ya kufika mbele: mwambie baba gunia lilikuja limetoboka. Mume wangu alisimama katikati yetu, hatua tatu kila upande, na wala hakujisumbua kurudia. Nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni. Lakini mpango ule ulinifaa. Mkwe asiyeweza kukutazama hawezi kukukaripia vizuri.

Lazima niseme duka lile lilikuwa nini kwangu, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikaa kwenye mji wa wakwe, kijijini, na wake za mashemeji watatu, nikilima tangu jogoo la pili, nikisaga, nikichota maji, nikiambiwa nimechelewa. Sikuwa mvivu, ila sikupenda kuamriwa na kila mwenye mdomo. Mwakitolyo niliamka na kufungua mlango wangu mwenyewe. Watu walinijia mimi. Nilijua nani anavuta sigara gani, nani mkewe amejifungua, nani anaacha sukari kwa sababu ameishiwa na nani kwa sababu ya jino. Kurudi kule kijijini kwa wakwe lilikuwa jambo nililoliogopa kuliko nyoka, na mzee alikuwa amesema wazi tangu mwanzo kwamba siku duka litakaposhindwa kujilisha, litafungwa na sisi tutarudi kulima.

Tuliuza kwa udogo. Mche wa sabuni niliukata kwa waya vipande kumi na viwili, na kwa mwenye shida, kumi na sita. Mafuta ya taa niliyapima kwa kikopo kilichotosha kujaza koroboi moja. Sigara moja moja, kibiriti nusu, chumvi kijiko ndani ya kipande cha gazeti. Juu ya kila kitu kulikuwa na nyongeza. Hukumwacha mtu aondoke bila kumtupia punje mbili tatu za chumvi juu ya zile alizonunua, hata kama alikuwa amekutukana wiki iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema Waswahili, na kibaba changu kilijazwa na haba za watu wasiokuwa na zaidi ya hizo.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Mvua zilikata mapema, mtama ukakauka ukiwa umefika magotini, na pamba kidogo iliyovunwa ikanunuliwa kwa bei iliyowafanya wazee wakae kimya kwenye mizani. Kutoka Geita wanaume walianza kurudi, kwa sababu mgodi nao ulikuwa ukipunguza watu. Walipita dukani kwetu wakielekea kusini na mablanketi yao mabegani, wasinunue kitu, wakiomba maji tu. Niliwapa. Maji hayakuwa ya baba mkwe.

Mwaka huohuo, Shinyanga mjini, karibu na reli, likafunguliwa ghala. Tuliliita hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa: jengo refu la mabati lililokuwa likihifadhi pamba, sasa limejaa bidhaa mpaka darini. Mwenyewe hakuonekana, ilisemekana anakaa pwani. Alileta mali yake kwa mabehewa, akapita juu ya vichwa vya wauzaji wa jumla wote wa Tabora na Mwanza, akauza kwa bei iliyoandikwa ukutani kwa chokaa. Bei ile haikupunguzwa wala kuongezwa, na hakuna aliyekuuliza hali yako. Ulilipa, ukabebeshwa, ukaonyeshwa mlango.

Watu waliipenda ajabu. Jirani yangu mmoja, mama mnene mwenye maneno mengi, alipanda lori kwenda na kurudi ili anunue gunia la chumvi pamoja na wenzake watano, kisha wakaja kuligawana kwenye kivuli cha duka langu. Waliniomba kibaba changu cha kupimia. Niliwaazima, na nikawashikia gunia. Nilimwambia rahisi huvunja upishi, akanijibu kwamba kwa mwaka ule hakuwa na upishi wa kuvunja.

Mimi mwenyewe nililiona ghala lile kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, nami nikapanda lori kwenda kumtazama, mtoto wetu wa kunyonya mgongoni. Nilipotoka kwake nilikuwa na nusu siku kabla lori halijarudi, na miguu ikanipeleka. Nilikuta foleni ya watu wa kutoka Kahama, Maswa, hata wale wenzetu Wasumbwa wa magharibi niliowatambua kwa maongezi yao. Sikununua kitu. Nilizunguka nyuma, uani, ambako wanawake wa kibarua walikuwa wakipepeta choroko, nikachuchumaa pembeni ya mmoja wao nikaanza kumsaidia. Mwanamke anayepepeta hafukuzwi popote.

Uani pale niliona majembe. Yalikuwa yamefungwa kumikumi na kupangwa ukuta mzima mpaka juu, na kando yake marobota ya kaniki ambayo hayajafunguliwa. Mbele, dukani, majembe hayakuwa yakiuzwa kabisa. Nikamuuliza yule mama. Alisema yanangoja mvua. Siku mvua itakaponyesha yatatolewa yote pamoja na kaniki, kwa bei ya kutupa, na karani alikuwa amewaambia wapakizi kwamba baada ya hapo hakutabaki kiduka cha mtu kati ya Isaka na ziwa. Alinieleza hivyo bila chuki, huku akipuliza makapi.

Kutoka pale hadi duka la baba mkwe ilikuwa mwendo wa kuvuka soko. Nilivuka. Nikamwona kupitia mlangoni, amekaa peke yake nyuma ya meza, hana mteja hata mmoja. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu, nikitafuta mtu wa kumtuma: mzee ninayemfahamu, mwanamke wa ukoo, yeyote. Sikumpata. Nikaenda zangu kwenye lori, nikijifariji kwamba nitamwambia mume wangu naye atamwambia baba yake.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Geita. Rafiki yake mmoja alikuwa amepita na habari kwamba mgodi umepunguza watu wengi mno, sasa unatafuta vibarua wa kusukuma matoroli kwa ujira mdogo, na asiyefika kesho yake hapati. Aliniachia ujumbe kwa jirani mnene kwamba atarudi baada ya miezi sita. Simlaumu. Katika mwaka ule kazi haikumngoja mtu amuage mkewe.

Siku ya nne mzee alikuja, na haikuwa siku yake ya kuja. Nilisikia lori likisimama, kisha kikohozi, nikakimbilia chumba cha nyuma na kurudishia mlango wa katikati. Aliingia. Nilimsikia akikaa juu ya gunia la chumvi, kwa sababu stuli ya wateja ilikuwa imevunjika mguu. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, bila kumwambia mtu.

Alisema amekubaliana na mchuuzi mmoja kuuza ng'ombe wake. Alisema tajiri wa ghala anawashinda watu kwa sababu ananunua kwa wingi, basi na yeye atanunua kwa wingi. Mwanza kulikuwa na mwuzaji wa jumla aliyekuwa tayari kumpa majembe na kaniki za kujaza maduka yote matatu. Mvua ikinyesha, kila mtu atataka jembe, kila mwanamke atataka kaniki ya kulimia, na ghalani hakuna jembe hata moja. Amekwenda mwenyewe, ameangalia, hayapo.

"Ila sijui wanasemaje kule ndani," alisema. "Aliyefika angeniambia."

Alijua nimefika. Mji ule ulikuwa mdogo, na mkamwana wa mtu akisimama ng'ambo ya barabara anaonekana na kila mwenye macho. Alikuwa akiniuliza mimi. Nililijua hilo wakati uleule, wala si baadaye.

Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono wangu ungeweza kumfikia. Nilikuwa na maneno yote: yako uani, yamefungwa kumikumi, yanangoja mvua. Na mila haikunifunga mdomo kabisa. Tulikuwa tumewahi kusikia wanawake waliobanwa na shida wakiiambia nguzo au mbwa maneno ya kumfikia mkwe. Chumbani kwangu mlikuwa na kuku mmoja wa kike, ameatamia kwenye kikapu. Nilimtazama yule kuku, naye akanitazama. Sikusema kitu.

Mzee alikohoa, akangoja. Akakohoa tena. Lori likapiga honi nje, akainuka akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwa nini. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini lilikuwepo jambo jingine ambalo si zuri: nilikuwa najivunia kuwa mkamwana wa mfano. Wake za mashemeji walikuwa na sifa zao, mmoja anapika vizuri, mwingine amezaa mapacha. Mimi sifa yangu ilikuwa hiyo, kwamba baba mkwe hajawahi kusikia sauti yangu ikimlenga. Nikaona aibu kuipoteza kwa ajili ya majembe.

Ng'ombe wakauzwa. Mali ikaja. Mvua nazo zikaja, chache lakini zikaja, na siku ya pili yake ghala likafungua uani. Bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa chini ya ile mzee aliyolipa kule Mwanza. Hata yule jirani mnene, ambaye hakuwa mtu wa kumhurumia mfanyabiashara, alikuja kunieleza kwa sauti ya msibani. Watu walirudi kutoka mjini na majembe mawili mawili, wengine walionunua hawakuwa hata na shamba.

Duka la mjini lilifungwa kwanza, kwa kuwa lilikuwa na kodi. La Isaka likafuata. Shemeji akafunga milango akaenda kulima bila kumuaga mtu. Masalia yote yakaletwa Mwakitolyo kwa lori, yakajaza duka mpaka mlango wa katikati ukawa haufunguki vizuri. Na nyuma ya masalia akaja mzee mwenyewe, na mkeka na stuli yake. Alisema, akimwambia dereva ili nisikie, kwamba atauza hapa mpaka mavuno. Duka lisipojilisha hadi wakati huo atalifunga, na sote tutarudi kijijini.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo lenyewe. Usiku alilala kwa jirani mnene na mumewe, kwa hiyo kulala hakukuwa na tatizo. Lakini mchana alikuwa dukani, na akiwa dukani mimi siwezi kuwa dukani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na ng'ombe jike na mkwewe pia hawakai. Duka lilikuwa lake. Nikahamia uani, jikoni, nikawa mpishi wa duka nililoliendesha miaka minne. Chakula nilikiweka kizingitini, nikagonga mlango mara mbili, nikaondoka.

Mzee hakuwa mjinga, ila alikuwa amekwisha kuumwa na ghala. Alitaka kuwa ghala. Aliandika bei ukutani kwa mkaa. Akaacha kutoa nyongeza. Sabuni alitaka kuuza mche mzima, chumvi kwa kibaba, sigara kwa pakiti. Mtu akija na senti zake mbili alimwambia akatafute nyingine. Nilikuwa nayasikia yote kutoka jikoni, sufuria mkononi. Wanawake walizunguka nyuma kunililia: mayu, mama yangu, mwambie anikatie kidogo tu, mtoto ana upele. Nilisema siwezi. Walijua siwezi, walikuwa wakamwana wa watu na wao. Waliondoka, na kila aliyeondoka nilijua amekwenda kuchanga nauli na wenziwe. Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali.

Na kosa lake lilikuwa wazi kiasi kwamba hata kuku angeliona. Ghala lilikuwa rahisi kwa mwenye fedha ya mche mzima. Kwa mwenye senti mbili ghala lilikuwa ghali kuliko mahali pote duniani, kwa sababu halikumuuzia kabisa. Ghala halikupokea mayai. Halikupokea karanga. Mwaka ule mbaya ulikuwa umejaza nchi watu wa senti mbili na mayai matatu, na sisi tulikuwa tumekaa katikati ya njia yao na kuwaambia hapana.

Wiki ya tatu, siku ya gulio, walipita watu kutoka Geita, wanane au tisa, wameachishwa kazi pamoja. Walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Pamoja nao walikuwepo wanawake wa pale kijijini wenye vikapu. Nilimsikia wa kwanza akiomba sigara moja na kipande cha sabuni ya kuogea kabla hajafika kwao. Hakutaka mama yake amwone alivyo. Mzee akamwambia pakiti na mche. Yule mtu akasema basi, asante baba. Nikasikia miguu ikianza kuondoka.

Niliweka mwiko chini. Nikavuta kaniki juu ya kichwa mpaka ikafunika uso upande wa mzee, nikausukuma mlango wa katikati kwa bega, nikaingia dukani.

Mwanamke mmoja aliweka kiganja mdomoni. Sikumtazama mzee, niliona tu viatu, kile chenye kiraka na mwenzake, vikirudi nyuma mpaka ukutani. Nikachukua waya nikaikata sabuni vipande kumi na viwili. Nikampa yule mtu kipande chake na sigara yake, nikamwashia. Nikampa na chumvi kidogo ya nyongeza, ingawa hakununua chumvi, kwa sababu mikono ilitaka cha kufanya. Wakaja wengine. Nikapokea mayai, nikapokea karanga. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alitaka kaniki ya kumbebea na hakuweza kulipia doti nzima, nikaichana katikati. Nilisikia mzee akitoa sauti kooni nilipoichana. Wanawake wawili wa nyumba jirani nikawapa jembe moja kwa kuku wanne, walime kwa zamu.

Nilipomaliza, stuli ilikuwa tupu. Jirani mnene aliniambia mzee ametoka kwa mlango wa mbele zamani, ametembea kwa miguu kuelekea kijijini, hakuchukua hata mkeka.

Kitakachofuata kila mtu alidhani anakijua. Mke wa namna ile anarudishwa kwao, na baba yake anatakiwa kurudisha mahari. Baba yangu alikuwa amekwisha kula ng'ombe wote wa mahari yangu kwa kumwozea kaka yangu. Nilifunga kaniki zangu mbili na sufuria yangu. Niliogopa hasa. Usiku sikulala, na mchana niliuza. Niliona kama ni kufukuzwa, basi nifukuzwe duka likiwa tupu. Nilikata, nikachana, nikapima, nikajaza kuku uani mpaka jirani akalalamika juu ya kelele. Kwa siku tano niliuza majembe mengi kuliko mzee aliyouza kwa wiki tatu, na nusu ya bei zake zilikuwa zinataga.

Siku ya sita alikuja kwa miguu, akiburuta kondoo kwa kamba.

Niliposikia kikohozi nilikimbilia nyuma kwa mazoea. Kisha nikamsikia akimfunga kondoo kwenye nguzo ya mbele, nikaelewa. Kwetu mwiko wa mkwe na mkamwana una mlango wake wa kutokea. Baba mkwe akimpa mkamwana mnyama, mwiko unalegea. Wanaweza kusalimiana, wanaweza kukaa chini ya paa moja. Lakini hufanywa kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa mara nne au tano, mwenye mvi, aliyechosha hata mila yenyewe. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja, tena wa kunyonya.

"Toka," alisema. "Ni wako."

Nilitoka. Nilimwona mzee mwembamba, mfupi kuliko sauti yake, mwenye kovu kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunieleza habari zake. Nilipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tulikaa, yeye kwenye stuli, mimi kwenye gunia, tukitazama barabara kwa kuwa kutazamana kulikuwa bado kazi kubwa. Alitoa ugoro, akanusa. Kisha akasema kwamba siku ile alipokuja kuuliza habari za ghala, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikakubali. Akasema nilikuwa najua. Nikasema nilijua, niliyaona majembe kwa macho yangu. Na hapo maneno niliyoyabeba tangu kabla ya mvua yakatoka yote pamoja. Nilimwambia kwamba nimekuwa nikiwaona ng'ombe wale kila nikifumba macho, kwamba walikwenda kwa sababu ya ulimi wangu, kwamba ningefungua mdomo siku ile zizi lake lingekuwa limejaa na maduka yake matatu yangekuwa wazi. Nililia, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifikiri kwa haki, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa bei na hataki kudanganya.

"Hapana," alisema. "Ungesema, ningekutoza mbuzi kwa kukosa adabu. Halafu ningenunua majembe vilevile."

Alipangusa ugoro kwenye vidole, akainuka, akaingia dukani, akaniita nije nimwonyeshe sabuni inakatwa wembamba gani.